Kuku wa Baba

Kuku alianguka kutoka kwenye boda boda karibu na stendi ya Masimba, siku ya soko, na hakupiga kelele. Walikuwa kumi au zaidi, wamefungwa miguu kwa kamba ya katani na kuning'inizwa kwenye usukani kushoto na kulia, vichwa chini. Pikipiki iliruka tuta, kamba moja ikakatika, mmoja akabaki kwenye lami kama kitambaa kilichodondoka. Dereva hakujua. Mimi nilikuwa nimeshuka matatu ya kutoka Nairobi dakika tano kabla, bado na usingizi wa safari ya usiku. Nilimwokota kwa sababu kulikuwa na lori la majani chai likija. Sina sababu nyingine ya maana ya kuwaambia.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika kwenye muundi, unacheza kama mlango uliotoka bawaba. Chini ya bawa ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyama ikaonekana. Nikamviringisha kwenye sweta, nikatembea naye hadi nyumbani kwa mama.

"Wa nani huyo?" mama akauliza, hata salamu bado.

Nikaeleza: boda, tuta, lori.

"Kwa hiyo ana mwenyewe." Akamchukua, akampapasa kidari kwa vidole viwili kama mtu anayenunua. "Basi nichemshe maji ya kumnyonyoa, ama unataka kumwangalia kwanza?"

Niliposema nataka kumtibu, hakubishana. Alicheka tu, kile kicheko cha mzazi aliyelipa karo yako ya chuo kikuu na sasa anaona pesa zilienda wapi. Kuku yule akiwa mzima angeuzwa kwa bei inayokaribia nauli yangu ya kutoka Nairobi. Akiwa amevunjika mguu, ni mchuzi wa leo jioni. Hakuna mtu Masimba anayehitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa msomaji asiye wa huku. Masimba ni mji mdogo wa Kaunti ya Kisii, upande wa Nyaribari Masaba, kwenye vilima vya chai na migomba, si mbali na Keroka, ule mji ambao nusu yake iko Kisii na nusu iko Nyamira. Lugha ya huku ni Ekegusii, na kwa Ekegusii "baba" ni mama. Mzazi wa kiume ni "tata". Sisi tuliokulia mjini, Kiswahili shuleni na Ekegusii nyumbani, tumechekwa sana kwa hilo. Kwa hiyo ukinisikia nikisema kuku wa kwetu ni kuku wa baba, nimesema ukweli kwa lugha moja na uongo kwa lugha nyingine.

Tulimlaza kwenye katoni yenye nyasi kavu, kona ya jikoni ambapo joto la moto linafika lakini moshi haukai. Tukaifunika nusu, maana kuku gizani hutulia. Kidonda cha chini ya bawa nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, yakapoa. Pale agroveti waliniuzia dawa ya kupuliza ya rangi ya buluu, na muuzaji akaniambia rangi yenyewe ni nusu ya dawa: kuku wenzake wakiona wekundu watadonoa mpaka wamuue. Kumnywesha ndiko nilikokaribia kuharibu. Nilikuwa nimemshika kichwa, kijiko tayari, nimiminie, na mama akanipiga mkono. Tundu la pumzi la kuku liko hapo hapo nyuma ya ulimi. Ukimimina, maji yanaenda mapafuni. Unachovya ncha ya mdomo wake kwenye kikombe, unangoja, anameza mwenyewe akiinua kichwa. Maji yalikuwa na sukari na chumvi kidogo. Panadol na dawa nyingine za binadamu, hapana.

Mguu nilijaribu kuufunga mwenyewe. "Unafunga mguu ama unafunga mzigo?" mama akasema, akaninyang'anya. Alipasua mwanzi mwembamba akapata vibanzi viwili, akavisugua kwenye sakafu mpaka vikalainika, akazungushia mfupa pamba, akaunyoosha taratibu huku kidole gumba kikisikiliza (sijui neno lingine, kilikuwa kinasikiliza), kisha akaweka vibanzi na kufunga kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Plasta juu. Halafu akashika vidole vya kuku kimoja kimoja. Vikiwa na joto, damu inapita. Vikipoa au vikivimba, umekaza sana, fungua uanze upya. Hilo unaliangalia asubuhi na jioni.

Mama hakusomea kokote. Lakini Gusii ni nchi ya mafundi wa mifupa, na hilo halijulikani vya kutosha hata na sisi wenyewe. Omobari alikuwa mpasuaji wa kichwa. Mtu akipigwa rungu au akianguka, kisha maumivu ya kichwa yakakataa kuisha, omobari alifungua ngozi, akakwangua fuvu polepole mpaka akaondoa mfupa uliopasuka, akafunga tena, na wengi waliofanyiwa hivyo waliishi. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliandika kuhusu upasuaji huo. Mwaka 1985 bado kulikuwa na madaktari waliouchunguza na kuchapisha ripoti katika jarida la upasuaji. Huko Ulaya upasuaji wa namna hiyo ulisomwa kwenye mafuvu ya makaburi ya kale. Kisii waliukuta kwa watu wanaotembea sokoni. Sidai kwamba mama amerithi kitu kutoka kwa ababari. Katika ukoo ninaoujua hatuna hata mmoja. Ninasema tu kwamba mahali ambapo watu walithubutu kufungua kichwa, mguu wa kuku haukumtisha mtu.

Alipomaliza alichukua kipande cha makaa, akachora mstari mmoja nyuma ya mlango wa jikoni. Mistari hiyo naijua tangu utotoni. Kuku akianza kuatamia, mama huchora mstari kila asubuhi, na ukifika wa 21 mayai yanapasuka. Mlango ule una mistari ya miaka na miaka, mingine imefifia, mingine imepandana.

"Mfupa wake ni kama yai," akasema. "Wiki tatu."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hajakosea sana. Mifupa ya ndege huunga haraka kuliko yetu, na wiki tatu hivi ndiyo kadirio la kawaida.

Usiku wa kwanza nililala jikoni kwenye mkeka, simu mkononi. Kila akijigeuza kwenye katoni nilikuwa naamka. Swali la mama halikunitoka: wa nani huyo? Nikaanza kusoma.

Kuku si wa huku. Babu yake ni yule kuku mwekundu wa misituni, Asia ya kusini mashariki, ambaye bado yupo. Mwaka 2022 wanasayansi waliopitia upya mifupa ya kuku kutoka sehemu nyingi za dunia walisema kwamba mifupa ya zamani zaidi wanayoweza kuiamini ni ya Ban Non Wat, Thailand, kati ya miaka 1650 na 1250 KK. Maelezo yao niliyapenda: watu walianza kulima mpunga na mtama mahali pakavu, nafaka zikamwagika, ndege wa msituni akasogea. Yaani hakukamatwa. Alikuja kula. Ukimwona kuku wa mama akizunguka kinu, hakuna kilichobadilika tangu hapo.

Afrika aliingia kwa milango zaidi ya mmoja. Huko Mezber, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, imepatikana mifupa ya kuku ya karne nyingi kabla ya Kristo, ndiyo ya zamani kuliko yote kusini mwa Sahara. Pwani yetu ni hadithi yenye ubishi. Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba pango la Kuumbi, Zanzibar, akasema amepata kuku wa maelfu ya miaka. Wachimbaji wengine wakarudi kwenye pango lile lile, wakapima tena, hawakukubaliana naye. Mwaka 2017 wakachapisha kwamba kuku wa uhakika pwani ya Afrika Mashariki anaonekana karne ya 7 na ya 8 BK, katika miji ya mwanzo ya Waswahili, tena akiwa ameandamana na panya mweusi. Wote wawili walishuka kwenye majahazi. Na Joram Mwacharo, mtaalamu wa jenetiki, alipochunguza na wenzake damu ya kuku wa vijijini Kenya na nchi jirani, walikuta ukoo zaidi ya mmoja. Kwa hiyo yule kwenye katoni anaweza kuwa na damu ya Bahari ya Hindi na damu ya Mto Nile pamoja. Anafanana na Mkenya yeyote.

Lakini alifikaje Gusii, juu huku, mbali na bahari na mbali na Nile? Mifupa haisemi sana. Maneno yanasema kidogo. Sisi tunamwita engoko, wakiwa wengi ni chingoko. Wakuria ni ingoko, Waluhya ingokho, Waganda enkoko, Wakikuyu ngũkũ, Waswahili kuku. Ni neno moja lililobadilisha nguo njiani, na huenda mwanzo wake ni sauti ya ndege mwenyewe. Waluo, majirani zetu wa magharibi, wanasema gweno, na Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wanasema gweno vilevile: neno lile lilitembea na watu wake. Sasa angalia Wakipsigis, majirani zetu wa mashariki. Lugha yao haina undugu na yetu. Ng'ombe wana majina yao, mbuzi wana majina yao. Kuku kwao ni ingokiet. Hilo ni neno la Kibantu lililofungwa mkia wa Kikalenjin.

Historia ya Abagusii na Wakipsigis ukiisoma katika vitabu ni ya mishale na wizi wa ng'ombe, mpaka vita vya Saosao mwishoni mwa karne ya 19 ambavyo wazee wetu hawachoki kuvisimulia. Hakuna mahali panapoelezwa jinsi kuku alivyovuka mpaka huo. Nadhani alivushwa na mwanamke, kwa kubadilishana na kitu, siku ambayo wanaume walikuwa wamechoka kupigana. Hiyo ni dhana yangu. Ila neno lenyewe lipo, na halikuvuka peke yake.

Ng'ombe wana kumbukumbu. Mwaka 1905 Waingereza walituma jeshi Gusii kwa mara ya kwanza. Mwaka 1907 wakafungua kituo pale ambapo leo ni mji wa Kisii, chini ya mkuu wa wilaya G.A.S. Northcote, na Januari 1908 Otenyo akamchoma Northcote mkuki. Inasimuliwa kwamba aliyewachochea vijana ni Moraa, mganga wa kike. Waingereza walirudi kwa hasira. Watu waliuawa kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, aliandika kuuliza kama ilikuwa lazima. Nyumba zilichomwa. Ng'ombe zaidi ya 5,000 walichukuliwa. Tunajua idadi kwa sababu mtu aliwahesabu.

Mimi nimetafuta kuku katika hesabu hizo na sijaona. Nyumba zikichomwa kuku hukimbilia vichakani, jioni wanarudi kutafuta pa kulala. Naamini familia nyingi za Gusii mwaka ule zilianza upya na kile kilichorudi chenyewe jioni. Siwezi kukuonyesha karatasi. Hakuna aliyeandika.

Sababu ya kutoandikwa si siri. Ng'ombe alikuwa mali ya mwanamume: ndiye mahari, ndiye faini, ndiye heshima. Vijana walilala kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe, wakiwalinda, mpaka serikali ya kikoloni ikazivunja mwanzoni mwa miaka ya 1910. Wasomi waliofuata walikwenda kwenye ng'ombe pia. Philip Mayer aliandika juu ya mahari ya Kigusii mwaka 1950. Robert na Barbara LeVine waliishi huku katikati ya miaka ya 1950 na kitabu chao, Nyansongo, kikatoka 1966. Brett Shadle mwaka 2006 alitoa kitabu kizima juu ya kesi za wasichana, mahari na mahakama za Gusii. Ni vitabu vizuri, sivibezi. Lakini ukivisoma unaona jinsi thamani ya mwanamke ilivyobishaniwa kwa ng'ombe kwa miaka mia, wakati mali aliyoweza kuiuza bila kumuomba mtu ruhusa ilikuwa inadonoa uani.

Halafu mazao ya pesa yalikuja yakafuata njia ile ile. Kahawa miaka ya 1930, pareto, chai. Shamba lina jina la mume, nambari ya ushirika ina jina la mume, malipo yanatoka kwa jina la mume. Mama amechuma chai tangu aolewe, na kwa miaka mingi hakuwa ameshika bonasi mkononi. Kuku alikuwa anashika pesa yake. Ada yangu ya mtihani wa darasa la nane ilitoka kwa majogoo wawili na mtetea mmoja. Nawakumbuka kwa rangi. Tata alijua? Nilimuuliza mama usiku wa tatu, tukiwa tunambadilishia kuku nyasi. "Tata yako alijua karo imelipwa," akasema, akanyamaza.

Na hapa kuna jambo linalouma zaidi. Aliyefuga hakula. Mwiko wa wanawake kutokula kuku wala mayai ulikuwepo sehemu nyingi za Afrika. Frederick Simoons alikusanya mifano mingi katika kitabu chake cha 1961. Magharibi mwa Kenya ulijulikana sana. Nyanya yangu, mama anasema, alifuga kuku maisha yake yote na alikuwa mtu mzima, amekwisha kubatizwa kwa Waadventista, kabla hajaonja hata bawa. Alichinja, akanyonyoa, akapika, akasimama pembeni. Firigisi ilikwenda kwa mwenye nyumba, na hata leo, jaribu kumwekea mgeni wa kiume mchuzi usio na firigisi uone atakavyoutazama. Ninyi mnaofanya utani mitandaoni kuhusu nani anastahili firigisi, mnacheka mwiko ambao haujazikwa.

Nchi ilipopata uhuru ilichagua kuku pia, ila ilichagua wa kiume. KANU, iliyoundwa 1960, ilikuwa na jogoo kama alama yake, na jogoo akapanda mpaka kwenye nembo ya taifa, ambako yupo hadi sasa, ameshika shoka. Nairobi tuna Jogoo House na Jogoo Road, na unga wa Jogoo kwenye rafu. Mtetea hana hata kichochoro.

Serikali ilipokumbuka kuku wa vijijini ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na sehemu yake iliyokumbukwa zaidi ni ile ya kubadilisha majogoo: leta jogoo wako wa kienyeji, upewe wa kizungu, mkubwa, atakayepanda kuku wako wote na kuwafanya wanene. Nia ilikuwa njema. Lakini jogoo wa kizungu aliyelelewa kwa chakula cha gunia hajui kujificha akiona kivuli cha mwewe, na mtetea mwenye damu yake nyingi anasahau kuatamia. Mama anasema jogoo wa serikali alikuwa "kama bwana harusi": mzuri wa kutazama, siku moja.

Kilichowaua kuku wa Gusii hata hivyo si udogo wa mwili. Ni kideri. Ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1926, Java na pia Newcastle ya Uingereza, ambako ulipata jina lake la kizungu, na ulipofika 1935 ulikuwa umeripotiwa Kenya. Ukipita bomani, kuku thelathini wanabaki wawili. Shingo inapinda, kinyesi kinakuwa cha kijani, asubuhi unaokota. Kwa mwanamke asiye na akaunti hiyo ni benki kufungwa usiku mmoja, na hakuna tume itakayoundwa. Chanjo ipo, ya matone ya jicho, na bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo. Shida ni kwamba kichupa kimoja ni cha kuku wengi na huhitaji baridi, na mama ana kuku tisa. Anachofanya ni kupiga simu kwa majirani mpaka wafike kuku mia, wakachanga, wakachanja asubuhi moja. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 957 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wanaume wanne, kisha kwa watoto wao. Ng'ombe hana pa kulishia tena. Kuku bado anatosha.

Siku ya sita mama alianza kusaga maganda ya mayai na kuyachanganya na mahindi yaliyovunjwa. Nilidhani ni kwa ajili ya mguu. Alisema ni kwa ajili ya kila kitu. Ganda la yai moja lina karibu gramu mbili za kalisi, na kuku asipoipata kwenye chakula anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Anatengeneza yai kwa kujila. Kwa hiyo mtetea mwenye mfupa uliovunjika huacha kutaga, na usimlazimishe. Huyu alikuwa ameacha. Alikuwa ameanza kusimama kwa mguu mmoja, akiegemea ukuta wa katoni, akitazama kuku wengine mlangoni kwa jicho moja, halafu kwa jingine.

Mguu uliunga. Umepinda nje kidogo na anatembea kama mtu aliyevaa kiatu kisichomtosha, lakini anakimbia, na siku mbili baada ya kufunguliwa alikuwa ameshagombana na mtetea mkubwa wa mama akashindwa kwa heshima. Lakini hayo ni ya mbele. Kabla yake, siku ya tisa, mwenyewe alikuja.

Masimba ni ndogo na habari hutembea. Alikuwa mwanamke wa makamo, aproni ya mifuko miwili, viatu vya raba. Alikuwa amewatanguliza kuku kwa boda na yeye akafuata kwa matatu. Alipofika Keroka akahesabu, mmoja hayupo. Alimlaumu dereva, dereva akaapa. Hakuwa amekuja kwa ugomvi. Mama alimkaribisha kwa chai, wakasalimiana mpaka wakafika kwa watoto na mvua, ndipo akaletewa kuku kwenye katoni.

Alimpapasa kidari kwa vidole viwili, vile vile kama mama.

"Umemtunza," akasema. "Lakini, mama, huyu siwezi kumuuza."

"Najua."

"Na pesa niliyomnunulia ilikuwa ya chama. Nimeirudisha kutoka mfukoni mwangu."

"Najua, dada."

Nilitoa simu nikasema nitamlipa kwa M-Pesa, sasa hivi, bei yoyote. Wote wawili walinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeingilia mazungumzo. Mama alitoka nje. Alirudi na tembe mweusi mwenye madoa meupe, yule aliyekuwa karibu kuanza kutaga, na akamweka kwenye mapaja ya mgeni. Yule mwanamke akampima, akafikiria, akatikisa kichwa kukubali. Kuku kwa kuku. Hakuna aliyetoa risiti.

"Mfunge polepole," mama akasema. "Hajawahi kufungwa."

Mwanamke akatoa kamba ya katani mfukoni mwa aproni, akafunga miguu miwili kwa fundo moja. Boda ilikuwa inamngoja barabarani. Akapanda, tembe akining'inia mkononi mwake kichwa chini, mabawa yamefunguka kidogo, wakateremka kuelekea Keroka. Mama aliwatazama mpaka kona, kisha akaingia jikoni kuchora mstari wa siku hiyo.